Kongamano la teknolojia kwenye jiji usilolijua: anza na miguu yako, ratiba itafuata

Mkuu umeuliza mambo manne kwa mpigo: tiketi ya kongamano kubwa la teknolojia unayo, jiji hulijui, unaenda peke yako, sasa unataka kujua ulale wapi, siku uzipangeje, ufanyeje na watu wakati we si muongeaji, na laptopu utembee nayo kutwa au uiache. Wengi waliotangulia wamekujibu pakua apu ya kongamano, jaza ratiba, basi. Sio ushauri mbaya ila umeanzia mwisho.

Haya makongamano nimeyahudhuria ya kila saizi, ya bure na yale ya kulipiwa na kampuni, na ninachokiona ni kilekile, kinachomaliza watu sio ratiba mbovu ni uchovu. Pita kwenye korido za ukumbi wowote mkubwa mida ya saa tisa alasiri utawaona, wamekaa chini sakafuni wameegemea ukuta, kila mmoja karibu na soketi, viatu vimelegezwa, simu iko asilimia sita, macho yanaangalia skrini lakini hayasomi kitu. Na hiyo ndo saa ambayo watu waliowafuata wamemaliza kuzungumza jukwaani, wako huru wanazurura, ukitaka kumpata mtu ndo wakati wake, sasa we uko sakafuni na chaja. Kwahiyo kila uamuzi wako, kuanzia hoteli mpaka begi, upime hivi tu: hiki kitu kitanifikisha saa tisa nikiwa bado mtu au kitanifikisha nikiwa maiti.

Haraka haraka kuhusu viza kabla sijasahau, maana hapo hakuna cha kuokoa nguvu, ni kuwahi tu. Kama unakwenda nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, na hizo siku 15 usizitegemee hata kidogo kwa sababu kesi ikihitaji uchunguzi zaidi wana ruhusa ya kwenda mpaka siku 45. Barua ya mwaliko iombe kwa waandaaji siku ileile unayolipia tiketi, wengi wana fomu yake kwenye tovuti na wengine wanasema wazi hawatoi mpaka tiketi ilipwe. Tuendelee.

Kulala. Hapa ndo pesa nyingi inaenda na hapa ndo watu wanachemka. Usitafute hoteli kwa jina la jiji, jina la jiji halikwambii kitu. Tafuta kwanza jina kamili la jengo na anwani yake, halafu stesheni ya treni au metro iliyo karibu nalo, halafu angalia hiyo stesheni iko kwenye laini gani, ndo sasa utafute chumba kwenye laini hiyohiyo, hata ikiwa stesheni kumi mbali. Stesheni kumi bila kubadilisha treni ni nafuu kuliko nne zenye kubadilisha mara mbili, maana mgeni hapotei akiwa amekaa ndani ya behewa, anapotea kwenye kubadilisha, pale kwenye ngazi na mishale na milango ya kutokea ambayo kila mmoja unakutupa mtaa tofauti. Na wengi wanaangalia kilomita tu kwenye ramani, kilomita mbili, ah karibu, bila kujua katikati pana barabara kuu isiyovukika kwa miguu.

Chukua Web Summit, kongamano la teknolojia la Lisbon kule Ureno, lile lililohamia pale kutoka Dublin mwaka 2016. Inafanyika Parque das Nações, kandokando ya mto, na stesheni yake inaitwa Oriente. Oriente iko kwenye laini nyekundu ya metro, na laini nyekundu ndo hiyohiyo inayoanzia uwanja wa ndege, yaani ukipanda Aeroporto unashuka kituo cha tatu. Anayelijua hilo anatua, anapanda, anafika. Asiyelijua anachukua chumba kwenye mitaa ya zamani ya vilima kwa sababu picha zilikuwa nzuri, halafu kila asubuhi anashuka kilima kwa miguu akabanane na wenzake wenye beji zilezile, na mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 70,000, sio mchezo.

Kuna na hili la majina. Barcelona kuna Fira mbili, yaani viwanja vya maonyesho, moja ni Fira Montjuïc pale Plaça d'Espanya, nyingine ni Fira Gran Via ambayo kwa kweli iko L'Hospitalet, mji jirani ulioungana na Barcelona. Lile kongamano kubwa la simu, MWC, lilikuwa Montjuïc mpaka 2012, kuanzia 2013 likahamia Gran Via, na watu bado wanachanganya. Nimewahi kumwona jamaa pale Plaça d'Espanya, kavaa suti yake safi, begi la magurudumu mkononi, anamwonyesha dereva wa teksi simu iliyoandikwa "Fira" na hamna kingine, dereva anamuuliza ipi, jamaa anarudia Fira, Fira, kama vile akilisema kwa sauti zaidi litakuwa moja. Na hata ukifika Gran Via yenyewe kuna kumbi 8 zimeunganishwa na njia ya juu, na stesheni mbili tofauti za metro, Fira na Europa|Fira, kwahiyo hata ukishajua jengo bado ujue unaingilia mlango upi.

Uwanja wa ndege nao uusome vizuri kwenye tiketi. Brussels kuna uwanja wa Brussels wenyewe na kuna ule unaouzwa kwa jina la Brussels South Charleroi, huo uko zaidi ya kilomita 40 kutoka jijini, unapanda basi. Nafuu ya nauli unaweza kuimaliza hapo na masaa juu. Halafu Brussels hiyohiyo mabango ni ya lugha mbili, stesheni kubwa ya treni utaiona imeandikwa Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid, ni sehemu moja, usishuke ukaanza kutafuta nyingine.

Basi, fika siku moja kabla, na ufike mchana. Najua bajeti ya kampuni nyingi inakataa, we pigana. Hiyo siku ya kwanza usiende kutalii, kazi yake ni moja tu, nenda mpaka kwenye jengo la kongamano kwa njia ileile utakayotumia kesho asubuhi, uguse mlango, urudi. Utaona ujinga kuifanya lakini hiyo ndo siri kubwa niliyo nayo kwenye uzi huu wote. Ukiwa njiani angalia vitu vidogo: unatokea mlango namba ngapi wa stesheni, kituo cha basi kiko upande huu wa barabara au ule, mashine ya tiketi inakubali kadi yako au inakataa, lango linasoma kadi ya benki moja kwa moja au lazima ununue kadi yao. London kwa mfano unagusa kadi ya benki kwenye geti la treni za chini tangu 2014, hakuna haja ya kupanga foleni ya tiketi, lakini sio kila jiji liko hivyo na asubuhi ya kongamano sio muda wa kujifunza hilo huku watu mia wako nyuma yako wanapumua. Na makongamano mengi makubwa yanagawa beji kuanzia siku moja kabla, wakati mwingine uwanja wa ndege kwenyewe, ichukue hapohapo, foleni ya asubuhi ya kwanza ndo ndefu kuliko zote.

Ramani pakua kabla, eneo lote la jiji, itumike bila mtandao. Anwani ya hoteli ipige skrinishoti iliyoandikwa kwa herufi za nchi hiyo, hasa kama herufi zao sio zetu. Laini ya simu ya huko, hata zile zisizo na kadi unazosajili kwenye simu, inunue ukiwa bado kwako kwenye waifai inayoeleweka.

Kuhusu usingizi, kama umevuka masaa mengi mwili unajirekebisha kama saa moja kwa siku, na kwenda mashariki kunauma kuliko kwenda magharibi. Hakuna dawa ya maana zaidi ya mwanga wa jua asubuhi na kutolala mchana siku ya kwanza. Wale wa DEF CON, kongamano la wadukuzi kule Las Vegas, wana kanuni yao ya 3-2-1, kwa siku uhakikishe angalau masaa 3 ya kulala, milo 2, na kuoga 1, wanaisema kwa utani lakini ukikaa kwenye foleni zao utajua hiyo namba ya mwisho waliiweka kwa sababu za msingi kabisa.

Sasa ratiba. Kosa la wengi ni kuijaza kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni kama mtihani. Kwanza mazungumzo mengi yanarekodiwa. FOSDEM ya Brussels, ile ya programu huria inayofanyika bure kabisa bila hata kujiandikisha, wana mamia ya mazungumzo kwa siku mbili na wanajitahidi kuyarekodi na kuyaweka mtandaoni karibu yote. Ukimbie kutoka jengo K mpaka jengo H kwenye baridi ya mwanzo wa Februari kwenda kuangalia kitu ambacho utakiangalia wiki ijayo umekaa kitandani, tena kwa kasi ya moja na nusu, kwa nini? Mi nachagua viwili vya lazima kwa siku, na kigezo changu ni kama kitu hicho nitakikosa kabisa nisipokuwepo: warsha ya kushika kitu kwa mkono, vile vikao vidogo vya mjadala ambavyo havirekodiwi, au mzungumzaji ambaye nina swali lake kichwani na nataka kumuuliza uso kwa uso akishuka. Hivyo vingine vyote navitia alama ya "labda" na labda zangu nyingi sifiki wala sijutii.

Hivyo viwili vya lazima uvilinde. Pale FOSDEM vyumba vya mada maarufu vinajaa kweli, chuo ni cha watu (ULB, kampasi ya Solbosch, basi namba 71 linakushusha pale) na wanaokuja ni zaidi ya 8,000, kwahiyo kikijaa wanafunga. Kijana wa kujitolea anasimama mlangoni na karatasi imeandikwa kwamba chumba kimejaa, anakuangalia kwa huruma lakini hakuachii, wala umweleze umetoka bara gani, ni mambo ya usalama wa moto hayana mjadala, anayetoka mmoja ndo anaingia mmoja. Dawa ya hapo inajulikana, unaingia mazungumzo ya kabla yake, hata kama hayakuhusu, unakaa, wenye yao wakitoka we unabaki kwenye kiti. Na mara nyingine hayo yasiyokuhusu ndo yanakuwa ya maana kuliko uliyoyafuata. Bahati tu.

Halafu panga kwa jengo sio kwa mada. Hii ya mada ndo mtego mkubwa, apu inakupangia kila kitu cha usalama wa mitandao kwa mfano, bila kukwambia kimoja kiko huku na kingine kiko kule. AWS re:Invent, kongamano la Amazon la huduma za kompyuta za mtandaoni kule Las Vegas, wanatumia hoteli kadhaa kwa pamoja kwenye ule mtaa mmoja mrefu, Venetian iko huku, Mandalay Bay iko kule mwisho kabisa, ukiangalia ramani unaona ni barabara moja iliyonyooka, ukitembea ndo unajua, maana hata ile hoteli inayoonekana hapo mbele haifiki, unatembea haifiki, unapita ndani ya kasino, unapanda ngazi za daraja, unashuka, bado haifiki. Kule mwenye akili anachukua hoteli moja kwa asubuhi nzima, na moja nyingine kwa mchana, vilivyo nje ya hapo anavisamehe. Ukumbi wowote mkubwa fanya hivyo.

Kiti chako kiwe cha pembeni karibu na mlango. Sio ukorofi. Kulikuwa na jamaa akiitwa Harrison Owen, ndo aliyeanzisha mikutano ya mtindo wa uwanja wazi miaka ya 80, ile ambayo wahudhuriaji wanajipangia mada wenyewe, yeye alikuwa na sheria akiiita ya miguu miwili, kwamba kama mahali ulipo hujifunzi wala huchangii, tumia miguu yako uende kwingine. Kwenye makongamano ya teknolojia hiyo imekuwa kawaida, mzungumzaji mwenye uzoefu hakasiriki ukitoka, anakasirika ukikaa safu ya kwanza unachati. Dakika kumi zinatosha kujua kama jamaa anauza bidhaa ya kampuni yake au ana kitu.

Tahadhari moja ndogo ambayo inakula watu kila mwaka, ukiingiza ratiba kwenye kalenda ya simu ukiwa kwako, hakikisha umeweka majira ya jiji la kongamano. Ukiiacha kwenye majira ya kwako, ukitua simu inajibadilisha yenyewe na kila kikao kinasogea masaa kadhaa, unafika mlangoni unakuta wafagiaji.

Watu. Umesema si muongeaji na naona hilo ndo linakutisha kuliko jiji. Nikwambie ukweli, ukumbini nusu ya waliopo wako kama wewe, hii ni fani ya watu waliochagua kompyuta kwa sababu zao. Wote wanazuga na simu wakisubiri mwingine aanze. Njia nyepesi kuliko zote ni kujitolea. FOSDEM wanaomba watu wa kujitolea kila mwaka, na lile kongamano la wadukuzi la Chaos kule Ujerumani, linalofanyika tarehe 27 mpaka 30 Desemba, linaendeshwa na wahudhuriaji wenyewe, wanaojitolea wanaitwa malaika na ofisi yao inaitwa Mbinguni, unaenda Mbinguni unapewa zamu. Uzuri wake ni kwamba hutafuti cha kusema, umepewa cha kusema. Unasimama mlangoni, unamwambia mtu chumba kimejaa, yeye anakuuliza kuna nini humo ndani, tayari mnaongea. Masaa mawili ya zamu yanakupa watu kumi unaowajua kwa sura na kesho yake wanakusalimia wenyewe.

Kama hutaki kujitolea, basi wafuate wazungumzaji wa vyumba vidogo, achana na wale wa jukwaa kubwa wenye walinzi na ratiba ya waandishi wa habari. Wa chumba kidogo akimaliza anasimama nje mlangoni na watu wanne watano na ana furaha kwamba kuna mtu alisikiliza. Usiende na "nimefurahi sana na mada yako" maana hapo atasema asante na mazungumzo yamekufa. Nenda na swali dogo la kazi, pale uliposema mliachana na ile njia ya kwanza, nini kiliwashinda hasa? Watu wa fani hii ukimuuliza kilichomshinda atakusimulia mpaka taa zizimwe. Na ukisimama kwenye kundi acha nafasi. Kuna kanuni aliiandika Eric Holscher mwaka 2017, anaiita ya Pac-Man, lile duara la kwenye gemu lenye mdomo wazi, kwamba mkisimama mnaongea duara lenu liachwe wazi upande mmoja mtu mwingine aweze kuingia, na akiingia mnasogea muache nafasi nyingine. Ukiijua unaanza kuyaona makundi kwa jicho jingine, yaliyofunga unayapita, yenye mdomo unaingia, unasikiliza kidogo, hamna anayekuuliza umetumwa na nani. Makongamano kibao sa hivi yameiweka hata kwenye miongozo yao.

Kwenye mabanda ya kampuni nenda ila ujue biashara inayoendelea pale. Akikuomba askani beji yako kabla hajakupa fulana, hiyo skani ndo malipo, jina lako na barua pepe na cheo chako vinaingia kwenye orodha ya watu wa mauzo, na mwezi mzima utapigiwa debe. Mi kuna banda moja nilichukua soksi, soksi zimeshachanika lakini barua pepe zao bado zinakuja. Ukitaka kuepuka, jisajilie na barua pepe ya pembeni tangu mwanzo, au sema tu hapana asante, wanakuelewa. Ila ukienda saa za mwisho za siku ya mwisho, banda limetulia, wamechoka na wao, ndo utampata injinia wa kweli amekaa pale kwa sababu bosi wa mauzo ameshaenda uwanja wa ndege. Hayo mazungumzo ndo matamu.

Sherehe za jioni nenda moja, kaa saa moja, ondoka. Ukumbi una muziki wa kupasua ngoma za masikio, mnapigiana kelele "UNAFANYA KAZI WAPI", hamna kitu kinajengwa pale. Ukitoka nje kabla ya mlango mkubwa vua beji uweke mfukoni. Beji shingoni usiku mitaani inamwambia kila mtu jina lako, kwamba u mgeni, na kwamba begini kuna vifaa. Barcelona hasa wezi wa mifukoni ni maarufu na wiki ya kongamano wanajua kalenda kuliko waandaaji.

Usiku kabla ya kulala, andika. Sio muhtasari wa mada, andika watu: jina, mlisimama wapi, mliongea nini, uliahidi nini. Mstari mmoja mmoja unatosha. Asubuhi utakuta sura tatu zimeungana kuwa moja kichwani. Na meseji ya kufuatilia ipeleke ndani ya wiki hiyo, uandike kile kitu mlichoongea na linki uliyoahidi, usitume lile ombi tupu la LinkedIn lisilo na neno, anayo mia nne kama hayo.

Waifai ya ukumbini ichukulie kama haipo. Maelfu ya simu na laptopu kwenye hewa moja, hata wataalamu wanahangaika. FOSDEM wana utani wao mzuri, mtandao wao mkuu ni wa IPv6 peke yake, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti, programu ya zamani ikigoma hapo unajua kabisa ni ya zamani, unahamia ule mwingine walioweka kwa ajili ya vitu vya zamani. Chochote cha warsha, mafaili makubwa, mafaili ya mashine pepe (zile kompyuta za ndani ya kompyuta), vipakue hotelini usiku. Na kwenye makongamano ya usalama usiingie akaunti yoyote kizembe, DEF CON wana skrini yao wanaiita ukuta wa kondoo, inaonyesha hadharani waliotuma nywila zao bila kuzificha.

Umeme nao ubebe mwenyewe. Tarehe 10 Januari 2018 kwenye CES, maonyesho makubwa ya vifaa vya umeme kule Las Vegas, ukumbi wa kati ulizima karibu masaa mawili, mvua ilikuwa imenyesha sana na unyevu ukaharibu transfoma, watu wamesimama gizani na televisheni za bei ya gari zimezima. Pawabenki ya mAh 20,000 inatosha siku nzima na ni kama Wh 74 (hicho ndo kipimo cha nishati ya betri wanachotumia ndegeni), iko chini ya kikomo cha Wh 100 ambacho ndege nyingi zinaruhusu bila kuuliza, ila lazima iwe kwenye begi la mkononi, usiiweke kwenye mzigo wa chini watafungua begi lako au walibakize. Soketi za ukutani waachie wale wa sakafuni.

Viatu ni vile ulivyokwisha vivaa miezi, sio vipya. Yaani sitaki hata kuandika zaidi hapo.

Laptopu sasa, swali lako la mwisho. Siku ya warsha ibebe, siku nyingine zote iache. Kilo mbili begani ukiwa umesimama masaa nane sio kilo mbili tena, na mwenye laptopu akichoka anaifungua, akiifungua anajibu barua za ofisini, akijibu moja zinakuja tano, siku imeisha hivyo amesafiri kwenda kufanya kazi ileile kwenye kiti kibaya zaidi. Daftari dogo na simu vinatosha. Ikibaki hotelini iwe imesimbwa diski nzima, yaani hakuna kinachosomeka bila nywila, na izimwe kabisa, sio kuifunika tu, kwa sababu ikiwa imelala ufunguo wa diski bado uko kwenye kumbukumbu. Kama kazi yako ina vitu nyeti vya wateja basi bora uende na ile ya akiba isiyo na kitu, waombe watu wa mifumo hapo kazini, wengi wanazo kabatini. Adapta ya plagi nunua kabla ya safari, Uingereza ni pini tatu za mstatili, Marekani ni mbili bapa na umeme wao ni volti 120, angalia kwenye chaja yako kama imeandikwa 100-240, ikiwa hivyo huna haja ya transfoma.

Jiji hujalitaja mkuu. Litaje na jina la jengo, kama ni nilikopita nitakwambia ushukie stesheni ipi na utokee mlango upi.